Fuwele iliyopatikana Ikolomani: ni jiwe gani, isafishwe vipi, na thamani yake ni ipi?

Mwalimu wa Ikolomani

Hamjambo wanajamvi. Vijana walipokuwa wakituchimbia shimo la choo kipya huku Ikolomani, kaunti ya Kakamega, sululu iligonga mshipa wa jiwe jeupe uliopita katikati ya udongo mwekundu, na katika uwazi mdogo ndani ya mshipa huo tukatoa kishada cha fuwele ambacho sijapata kuona mfano wake. Kinatoshana na ngumi ya mtu mzima. Fuwele zake ni ndefu, zina pande sita na zinaishia kwenye ncha; nchani zinapitisha mwanga vizuri, lakini kuelekea kwenye kitako zinageuka kuwa nyeupe zisizopitisha mwanga. Kishada chote kimefunikwa na udongo pamoja na utando wa rangi ya kutu, na kwenye kitako kuna chembe za manjano zinazometameta.

Habari haikukaa. Dalali mmoja alifika nyumbani akasema huenda ni almasi ambayo haijakomaa, akataka kutupatia shilingi elfu tatu papo hapo. Jirani naye alishauri tukitumbukize katika maji ya betri ili kitakate kabla ya kukionyesha kwa mnunuzi yeyote. Nimekataa yote mawili kwa sasa. Naomba wenye ujuzi wanisaidie kwa mambo matatu: nitalitambuaje jiwe hili kwa vifaa vya nyumbani, nitalisafishaje bila kuliharibu, na mtu huanzia wapi kukadiria thamani ya kitu kama hiki?

Mkusanyaji wa Nakuru

Mwalimu, umefanya vyema kuyazuia maji ya betri, na ningekuomba usikisafishe kwa chochote zaidi ya maji mpaka tujue ni nini. Usafishaji hutegemea aina ya madini, na asidi ambayo jiwe moja halijali hulila jingine likabaki na mashimo.

Kwa maelezo yako, dhana yangu ya kwanza ni kwatzi. Pande sita, ncha iliyochongoka, kitako cheupe na makao ndani ya mshipa mweupe ni dalili zinazokwenda pamoja. Hata hivyo umbo peke yake hudanganya, kwa hiyo tuyaondoe madini mengine yanayofanana nayo na yanayopatikana katika pande hizi za nchi. La kwanza ni kalsaiti, ambayo ni ya kawaida katika miamba ya volkeno yenye kaboneti kule Homa, kaunti ya Homa Bay. La pili ni floraiti, iliyochimbwa kwa miaka mingi Kimwarer katika Bonde la Kerio hadi shughuli ziliposimama mwaka 2016. Kioo cheusi cha volkeno tunachokiokota huku kwetu kuanzia Gilgil hadi Naivasha hakihusiki hapa, kwa sababu hakina fuwele kabisa.

Anza na ugumu. Kwenye kipimo ambacho Mjerumani Friedrich Mohs alikitunga mwaka 1812, kalsaiti ina ugumu wa 3, floraiti 4, kioo cha dirisha na kisu cha kawaida hukaribia 5.5, na kwatzi ni 7. Tafuta kipande kilichovunjika kwenye kitako, usiguse ncha, kisha ukikwaruze juu ya kipande cha kioo kisichohitajika. Baada ya hapo pangusa kioo kwa kidole chenye maji: ikiwa mstari umefutika, lilikuwa vumbi la jiwe lenyewe, ikiwa umebaki na ukucha unaushika, jiwe limeshinda kioo.

Pili, angalia palipovunjika. Kwatzi haina njia maalumu ya kupasukia, hivyo hubaki na mapindo yaliyopinda kama ya chupa iliyovunjika, ilhali kalsaiti hupasuka kwa pande tambarare zilizoinama na floraiti hukatika pembe zake kwa mshazari. Tatu, chukua kioo cha kukuzia na utazame zile pande ndefu za fuwele. Kwatzi huwa na mistari myembamba inayokatiza upana wa fuwele, si inayofuata urefu wake.

Kipimo cha nne ndicho ninachokiamini zaidi, nacho kinahitaji mizani ya kidijitali ya jikoni na uzi tu. Pima jiwe likiwa kavu na uandike uzito. Kisha weka chombo chenye maji juu ya mizani, rudisha namba kuwa sifuri, na uning'inize jiwe kwa uzi mpaka lizame lote bila kugusa kando wala chini ya chombo. Gramu utakazosoma sasa ni sawa na ujazo wa jiwe kwa mililita. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Kwatzi safi hutoa 2.65, kalsaiti 2.71, floraiti karibu 3.18, na almasi 3.52. Tofauti ya kwatzi na kalsaiti ni ndogo mno kwa mizani ya jikoni, lakini hizo mbili ugumu umekwisha kuzitenganisha.

Fundi wa maabara, Kisumu (mstaafu)

Mwalimu, pokea salamu kutoka Kisumu. Naongezea kipimo kimoja kabla hujagusa dawa yoyote. Kwangua unga kidogo kutoka sehemu nyeupe ya kitako, uutie matone ya siki. Ukiona vipovu, hata vichache, kuna kalsaiti imejificha hapo, na kishada chako hakipaswi kukutana na asidi ya aina yoyote. Mtu anaweza kuwa na fuwele safi za kwatzi zilizosimama juu ya kalsaiti, na akiitumbukiza yote katika asidi, kitako huyeyuka na fuwele zikadondoka moja moja.

Sasa usafi wenyewe. Loweka jiwe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, uliache usiku kucha, kisha tumia mswaki laini na kijiti cha mti kilichochongwa. Udongo wenu mwekundu ni mfinyanzi. Ukiharakishwa unang'ang'ania, ukisubiriwa unalainika wenyewe. Badilisha maji na urudie hata kama ni mara nyingi. Usitumie brashi ya waya, kwani chuma ni laini kuliko kwatzi na huacha alama za kijivu juu yake ambazo ni taabu kuziondoa. Usimwage maji ya moto juu ya jiwe baridi, wala usilianike juani kisha ukalitia majini. Weupe unaouona kwenye kitako unatokana na matone madogo sana ya kimiminika yaliyonaswa fuwele zilipokuwa zikikua haraka, na joto la ghafla huyatanua matone hayo hadi jiwe likapasuka kwa ndani.

Maji ya betri ni asidi ya salfa. Yanaunguza ngozi na macho, na kwa kazi ya kuondoa kutu ni chaguo baya. Dawa kali za kusafishia choo nazo mara nyingi huwa na asidi ya haidrokloriki, na mtu akizichanganya na dawa ya kufulia yenye klorini hutoka gesi inayoweza kuua katika chumba kilichofungwa. Nasema haya kwa sababu nimeona watu wakizitumia hizo mbili kwa pamoja wakidhani nguvu inaongezeka.

Kinachotumiwa na wengi kwa utando wa kutu juu ya kwatzi ni asidi ya oksaliki, ambayo huuzwa ikiwa chembechembe nyeupe na mafundi wa mbao huitumia kung'arisha mbao. Ni sumu ikimezwa, na hudhuru figo. Ukiamua kuitumia, fanya kazi nje, vaa glavu na miwani, tumia ndoo ya plastiki ambayo haitarudi jikoni kamwe, tia chembechembe ndani ya maji na si maji juu ya chembechembe, na usiichemshe, kwa kuwa mvuke wake huumiza mapafu. Tumia maji ya mvua, ambayo Kakamega hamna shida nayo. Maji ya kisima yenye chokaa huungana na asidi hiyo na kuacha ukungu mweupe juu ya fuwele. Kutu ikiisha, loweka jiwe katika maji safi kwa muda usiopungua ule uliolilowekea kwenye asidi, ukiyabadilisha kila siku, maana asidi huingia katika nyufa na kutoka polepole. Maji yaliyotumika yatie chokaa ya kutosha kabla ya kuyamwaga, mbali na kisima na mifugo.

Mwalimu wa Ikolomani

Nawashukuru sana, mzee wa Kisumu na ndugu wa Nakuru. Nimefanya vipimo vyote mbele ya wanafunzi wangu wa sayansi, na wao ndio waliosoma mizani.

Kipande cha kitako kilikwaruza kioo na mstari haukufutika. Palipovunjika pamepinda kama ulivyoeleza, na mistari ya upana inaonekana wazi kwenye fuwele tatu kubwa. Siki haikutoa kipovu chochote. Kishada kikavu baada ya kuoshwa kwa maji kilikuwa na gramu 742, na kilipozamishwa mizani ilisoma 279, jambo linalotupa 2.66.

Baada ya kukiosha nimeona mengine mawili. Ncha ya fuwele kubwa kuliko zote imemeguka kidogo upande mmoja, na katika kitako, kando ya zile chembe za manjano, kuna madoa ya rangi ya fedha iliyofifia. Je, hiyo namba 2.66 badala ya 2.65 inaweza kuwa ni dhahabu?

Mkusanyaji wa Nakuru

Basi ni kwatzi, na suala la almasi limefungwa. Kama gramu hizo 742 zingekuwa almasi, mizani ingesoma karibu 211. Zaidi ya hayo, gramu 742 ni karati 3,710, ilhali Cullinan, almasi kubwa kuliko zote za kiwango cha vito zilizowahi kupatikana, iliyochimbwa Afrika Kusini mwaka 1905, ilikuwa na karati 3,106. Dalali akirudi, mwonyeshe hesabu hiyo.

Kuhusu dhahabu, uwe mwangalifu na namba ndogo. Dhahabu ina msongamano, yaani uzito ukigawanywa kwa ujazo, wa 19.3, hivyo kiasi kidogo huongeza uzito bila kuongeza ujazo. Nimepiga hesabu: ili kwatzi ya gramu 742 isome 279 badala ya 280, ingetosha kuwa na gramu tatu hivi za dhahabu ndani yake. Lakini mizani yako inasoma gramu nzima nzima, kwa hiyo kosa la gramu moja tu linaweza kuzua dhahabu isiyokuwapo au kuificha iliyopo. Isitoshe, kutu na madini mazito mengine huisukuma namba upande uleule. Kipimo hiki kimetuambia jiwe ni kwatzi. Hakiwezi kutuambia zaidi ya hapo.

Mchimbaji wa Kakamega

Mwalimu, mimi ni mtu wa huko huko na kazi yangu ni ya mashimo ya dhahabu, nina kibali, kwa hiyo niruhusu niingie kwenye hizo chembe za manjano.

Tumia sindano na kioo cha kukuzia. Bonyeza chembe moja polepole. Dhahabu ni laini. Itabonyea na kubaki na alama ya sindano bila kuvunjika. Pairaiti, madini ya manjano yanayowahadaa wageni wakidhani ni dhahabu, ina ugumu wa 6 hadi 6.5 na sindano itateleza au chembe itavunjika iwe unga mweusi wenye ukijani. Mika itainuka kama ganda jembamba. Tena uzungushe jiwe kivulini: dhahabu hubaki na rangi ileile kutoka kila upande, lakini pairaiti na mika humeta na kuzima kadiri unavyoligeuza.

Yale madoa ya rangi ya fedha yananitia wasiwasi kuliko hizo za manjano. Katika mishipa ya kwatzi yenye dhahabu mara nyingi huwapo madini yenye aseniki ndani yake, nayo yana rangi hiyo hiyo. Jiwe likiwa zima halina neno, mradi unanawa mikono. Likichomwa, hutoa moshi mweupe ambao ni sumu. Basi asije mtu akakushawishi ulichome jiwe ili lisagike kwa urahisi. Na asikushawishi ulisage kabisa. Vumbi la kwatzi likivutwa kila siku huharibu mapafu yasipone, na zebaki inayotumiwa kukusanya chembe za dhahabu hudhuru ubongo na neva, hasa za watoto. Nimewaona vijana wakichoma zebaki kwenye sufuria ya nyumbani. Nawaomba wote wanaosoma hapa waliache jambo hilo, na ninaliomba kwa moyo wangu wote.

Kuna suala la sheria pia. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema kwamba madini yote yaliyo katika hali yake ya asili ni mali ya Jamhuri, na serikali ya kitaifa inayashika kwa niaba ya wananchi, hata kama yako chini ya choo chako. Kufanya biashara ya madini au kuyapeleka nje ya nchi kunahitaji leseni au kibali. Sheria hiyohiyo imeweka kamati ya wachimbaji wadogo katika kila kaunti, na mimi ningeanzia huko au katika ofisi ya madini ya eneo letu, niwaeleze kilichopatikana na kuuliza ni utaratibu gani unaohusu kipande kimoja kilichotoka katika uchimbaji wa choo. Dalali asiyekuonyesha leseni yake hana haki ya kukuharakisha.

La mwisho, usitaje kijiji chako hapa. Mshipa wa kwatzi Ikolomani si habari ngeni. Dhahabu ya Kakamega ilileta msongamano wa watafutaji mwaka 1931, na mwaka uliofuata sheria ya ardhi ya wenyeji ikarekebishwa ili mashamba yaweze kutengwa kwa uchimbaji bila mwenyewe kupewa ardhi nyingine mahali pake. Wazee wetu hawakusahau. Siku hizi wanaokuja ni vijana wenye sululu usiku, na udongo wa shimo lisiloegemezwa kwa miti hauchelewi kuporomoka.

Fundi wa maabara, Kisumu (mstaafu)

Maelezo ya ndugu yangu mchimbaji yananifanya nibadili ushauri kwa sehemu. Ikiwa madoa ya fedha na ya manjano yana salfa na chuma ndani yake, asidi itayashambulia au kuyatia weusi, na unyevu utakaobaki katika nyufa utaendelea kuyaoza baada ya miezi. Kwa hiyo, kitako kisiguswe na asidi. Unaweza kutundika kishada kichwa chini ili ncha peke yake ziingie katika asidi ya oksaliki, lakini hata hivyo kimiminika hupanda kupitia nyufa. Kama jiwe lingekuwa langu, ningeishia kwenye maji, mswaki na subira, kisha ningelikausha ndani ya nyumba mahali penye hewa kwa siku kadhaa.

Mkusanyaji wa Nakuru

Hapo sikubaliani nawe kikamilifu, mzee wangu. Fuwele yenye kutu zito haivutii, na mnunuzi huipita. Lakini ninakubali kwamba kwa kishada hiki hasa, chenye kitako kisichojulikana, hatari ni kubwa kuliko faida. Kutu inaweza kuondolewa mwaka ujao. Kitako kilicholiwa na asidi hakirudi.

Na hapo ndipo suala la thamani linapoanzia. Mwalimu, kwatzi ni miongoni mwa madini yaliyo mengi kabisa katika gamba la dunia. Brazili, Madagaska na jimbo la Arkansas huko Marekani hutoa fuwele zake kwa wingi mno, na zile zilizomeguka huuzwa kwa kilo. Ncha iliyomeguka kwenye fuwele kubwa hupunguza bei sana, kwa sababu jicho la mkusanyaji huenda hapo kwanza. Usijaribu kuichonga upya. Sehemu iliyosuguliwa hujulikana mara moja chini ya kioo cha kukuzia, na kipande kizima hupoteza heshima yake.

Linaloweza kukipandisha kishada chako ni mambo mengine. Fuwele bado zimesimama juu ya mwamba uliozizaa, na hilo hupendwa kuliko fuwele iliyobanduliwa. Kama chembe za manjano ni dhahabu inayoonekana kwa macho, kipande hicho huthaminiwa kikiwa kizima, na mara nyingi bei yake hupita ya dhahabu iliyomo, hivyo kukisaga ni hasara hata kabla ya kuhesabu sumu. Lililobaki liko mikononi mwako, nalo ni maandishi. Andika mahali kilipotoka, kina cha shimo, tarehe, mwamba uliokizunguka, namba zako za mizani na kila ulichokitumia kukisafisha, ukihifadhi pamoja na picha alizopiga yeyote aliyekuwapo. Kijiji usikitaje hapa, kama ulivyoambiwa, lakini kwenye karatasi yako kiandike. Jiwe lisilo na mahali lilikotoka linabaki pambo. Lenye rekodi linaweza kupokelewa na chuo au jumba la makumbusho.

Bei ya elfu tatu siwezi kusema ni ndogo wala kubwa kabla ya kujua hizo chembe. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu aliyeita kwatzi almasi ama hajui mawe, ama anajua zaidi ya anavyosema, na katika hali zote mbili yeye si wa kukupangia bei.

Mwalimu wa Ikolomani

Nimetumia sindano kwenye chembe nne za manjano, nikichagua zilizo pembeni. Tatu zimevunjika na kuacha unga mweusi. Ya nne, ambayo ni ndogo sana na imekaa ndani ya ufa, imebonyea na haikuvunjika, na rangi yake haibadiliki kivulini.

Kwa hiyo asidi haitatumika. Kishada kiko juu ya rafu kikikauka, madoa ya fedha hayajaguswa, na wanafunzi wameandika rekodi yote katika daftari pamoja na mchoro wa shimo. Nimepata miadi katika ofisi ya madini wiki ijayo, nami nitaomba chembe hiyo ya nne na yale madoa yachunguzwe bila kipande kuvunjwa. Dalali nimemjibu kwamba hakiuzwi kwa sasa. Wakinipa majibu ya maandishi, nitayaweka hapa yote, isipokuwa jina la kijiji.

Mchimbaji wa Kakamega

Vyema, Mwalimu. Ukienda, beba na kipande kidogo cha ule mshipa mweupe kilichobaki kwenye udongo uliochimbuliwa, ili wakihitaji kusaga sampuli wasage hicho na kishada kibaki kizima. Na kabla vijana hawajaendelea na choo, waambie wapanue mdomo wa shimo na kuegemeza kuta kwa miti.